Ukivuka Bunagana: Mwongozo wa Kuomba Hifadhi Uganda

Mwongozo huu ni wako wewe unayetoka Rutshuru, Masisi, Djugu au Irumu ukielekea Uganda. Ni wako pia wewe uliyeko Nairobi, Dar es Salaam au Ulaya, ambaye ndugu zako wako njiani na wanakupigia simu kila jioni kuuliza wafanye nini. Uganda inawahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na zaidi ya nusu milioni kati yao ni Wakongo. Sheria yake ya Wakimbizi ya mwaka 2006 husifiwa sana kwenye mikutano, na kwa sehemu kubwa inastahili. Lakini sheria nzuri haimsaidii sana mtu aliyeandikishwa vibaya. Ukiweza kushika jambo moja tu katika yote yanayofuata, shika hili: maneno utakayosema mezani siku ya kuandikishwa, hasa majina ya watu wako na namna mnavyohusiana, yatakuja kusomwa miaka mitano au kumi baadaye na afisa ambaye hajawahi kukuona.

Kabla ya mpaka

Wakongo wengi hawana kitambulisho cha taifa. Kadi ya mpiga kura ndiyo inayotumika badala yake. Iweke mwilini, usiiweke kwenye mzigo, kwa sababu mzigo hutupwa mbio zikizidi. Baada ya hiyo, chukua vyeti vya kuzaliwa, karatasi ya ndoa, diploma na vyeti vya shule, na kadi za kliniki za watoto. Kadi ya kliniki watu huidharau, na mara nyingi ndiyo karatasi pekee yenye tarehe ya kuzaliwa ya mtoto na jina la mama yake pamoja. Kama simu ina chaji, piga picha kila karatasi, mbele na nyuma, umtumie mtu aliye mahali salama.

Kama umetoka mikono mitupu, vuka tu. Kukosa karatasi hakukunyimi haki ya kuomba hifadhi, na hakuna afisa mwenye ruhusa ya kukurudisha kwenye risasi kwa kuwa huna kadi.

Inafaa pia ujue unaomba nini. Mkataba wa Geneva wa 1951 unamtambua mkimbizi kuwa mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Ukisimama kwenye mkataba huo peke yake, mkulima aliyekimbia mabomu yaliyoanguka kijijini pasipo kumlenga yeye anaweza kupata shida kujieleza. Ndiyo maana mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa saini Addis Ababa mwaka 1969, uliongeza watu wanaolazimika kuhama kwa ajili ya uvamizi, kukaliwa na nchi ya nje, au machafuko makubwa ya usalama, hata kama machafuko hayo yako katika sehemu moja tu ya nchi yao. Uganda imeingiza maana zote mbili katika sheria yake. Kwa hiyo hulazimiki kubuni kwamba kuna mtu aliyekutafuta kwa jina. Ukweli kwamba vita vilifika kwenu unatosha, na kama kweli kuna aliyekutafuta kwa jina, liseme hilo pia.

Kwenye mpaka na kituo cha muda

Waasi wa M23 walipouteka mji wa mpakani wa Bunagana tarehe 13 Juni 2022, maelfu ya watu waliingia upande wa Kisoro kwa miguu, wengine wakipita vichochoroni. Kupita njia ya panya ukikimbia vita hakukufanyi mhalifu, mradi ujitokeze mapema kwa wenye mamlaka na ueleze kwa nini umeingia. Sheria ya Uganda inatoa siku 30 tangu siku ya kuingia ili upeleke maombi yako. Usizimalize. Anayejitokeza siku ya pili haulizwi mengi. Anayekamatwa mwezi wa tatu akiwa analala kwa rafiki ataulizwa alikuwa akingoja nini.

Watu wa mjini, na hasa wenye pasipoti, hukosea mahali pengine. Mtu anafika mpakani, anagongewa muhuri wa mgeni, anapanda basi hadi Kampala akiamini mambo yamekwisha. Muhuri huo ni ruhusa ya kutembea, na muda wake una mwisho. Ukitaka hifadhi, sema wazi kwamba umekimbia vita na unaomba hifadhi. Usimwachie afisa akukisie.

Ukishajitokeza utapelekwa kituo cha mapokezi. Wanaopita Bunagana hupelekwa Nyakabande, nje kidogo ya mji wa Kisoro. Wa upande wa Ishasha huenda Matanda, wilayani Kanungu. Wanaotoka Ituri kwa mashua kuvuka Ziwa Albert hushukia Sebagoro, kisha hupelekwa kituo cha Kagoma kwenye makazi ya Kyangwali. Kituoni kuna chakula kilichopikwa, mabanda ya kulala kwa pamoja, chanjo za watoto na uchunguzi wa afya. Ni mahali pa kukaa siku chache, lakini wimbi la watu likija, siku hugeuka wiki. Kama una mimba, unaumwa, umejeruhiwa, umebakwa, au umeokota njiani mtoto asiye na mzazi, sema hapo hapo. Kuna foleni tofauti za watu kama ninyi, ila hakuna anayeweza kukuweka kwenye foleni hiyo kama umenyamaza. Mwanamke ana haki ya kuomba ahojiwe na mwanamke.

Kama ulikuwa mwanajeshi, polisi au mpiganaji wa kundi lolote, hata kwa kulazimishwa, salimisha silaha na useme. Mpiganaji hahesabiwi mkimbizi mpaka ithibitike ameacha kweli, na hutengwa na raia kwa muda. Ni jambo gumu. Lakini aliyeficha akaja kutambuliwa na majirani wa kambini, na hutambuliwa, huwa amepoteza hata kuaminiwa.

Utaona wengi hawataki kupanda basi la kwenda kwenye makazi. Wanataka kubaki karibu na mpaka wakachungulie mihogo yao. Naielewa hamu hiyo, lakini serikali haitawaacha hapo, na ina msingi: mkataba ule wa 1969 unataka wakimbizi wawekwe mbali na mpaka wa nchi waliyoikimbia, kwa usalama wao. Mabasi huelekea Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II au Kyangwali, kulingana na nafasi. Mkiwa ukoo mmoja, jiandikisheni na mpande pamoja. Kuhamisha faili kutoka makazi moja kwenda mengine baadaye ni safari ndefu ya maofisi.

Meza ya kuandikishwa

Wanaokuandikisha ni Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo watu wote huiita OPM, wakisaidiwa na UNHCR, yaani HCR kama wengi wenu mlivyozoea kuiita. Watapiga picha ya uso, watachukua alama za vidole na picha ya mboni ya jicho. Mfumo huo ulishika nguvu mwaka 2018, baada ya kashfa ya wakimbizi hewa kusababisha watu wote wahesabiwe upya: idadi iliyokuwa ikitajwa kuwa takriban milioni 1.4 ikashuka hadi karibu milioni 1.1. Tangu hapo mashine haina mchezo. Ukijiandikisha Uganda leo, kisha mwaka ujao ukajaribu Kenya kwa jina jingine, vidole vyako vinaweza kukusemea.

Sasa tukae kidogo kwenye meza hii, maana hapa ndipo penye kazi.

Karani anauliza, "Mama, una watoto wangapi?" Mama anajibu, "Watano." Karani anaandika watano. Mama hajadanganya, kwa namna tunavyohesabu sisi: watatu amewazaa, wawili ni wa marehemu dada yake, na amewanyonyesha na kuwalea tangu wakiwa wadogo. Katika mila zetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, na ni aibu kumtambulisha mbele ya watu kama mtoto wa mwingine. Miaka minane baadaye familia inaitwa kwa mahojiano ya kwenda nchi ya tatu, yaani kuhamishiwa ng'ambo, inaombwa vipimo vya vinasaba, na watoto wawili wanaonekana si wa mama huyo. Afisa wa ubalozi hajui mila zako. Anachoona ni tamko lisilo la kweli. Faili inasimamishwa, pengine kwa watu wote sita.

Jibu lililo sahihi mezani ni refu kidogo: "Watatu nimewazaa mimi. Hawa wawili ni wa dada yangu, amefariki, nawalea mimi." Litamke hata kama watoto wanasikia, waeleze jioni kwa nini umesema hivyo. Fanya vivyo hivyo kwa wengine wote. Baba mdogo asiandikwe baba. Binamu asiandikwe kaka kwa sababu tu mmekua nyumba moja. Mke wa pili aandikwe mke wa pili, kila mmoja na watoto wake. Nchi nyingi za Magharibi hazitambui ndoa ya wake wengi na hilo litakuja kuleta mambo yake, lakini mke aliyefichwa huleta makubwa zaidi.

Taja na wasiokuwepo. Mume aliyepotea njiani Kibumba, binti aliyebaki Butembo kwa bibi yake, kijana aliyechukuliwa na wapiganaji: wote waandikwe, pamoja na neno "hajulikani aliko" kama ndivyo. Watu huwaacha nje kwa sababu ya uchungu, au kwa kuogopa kwamba familia isiyokamilika itacheleweshwa. Kanada, kwa mfano, inaweza kumkatalia mwenzi au mtoto ambaye hakutajwa kabla mhusika hajaingia nchini humo, na anayetajwa ana dirisha la mwaka mmoja tu la kumfuata mwenzake. Jina lisilotajwa Nakivale linaweza kufunga mlango wa Winnipeg.

Halafu kuna majina yenyewe. Mkongo ana majina matatu, na watoto wa baba mmoja mara nyingi hawachangii jina la ukoo. Fomu ya Uganda ina nafasi ya jina la familia na jina ulilopewa. Karani akiwa na haraka, jina lako la katikati litaruka, la kwanza litakuwa la mwisho, na Kasereka ataandikwa Kaseleka. Toa kadi ya mpiga kura, umwombe anakili herufi kwa herufi, na utumie mpangilio huo huo kwa watoto wote na katika ofisi zote. Kama hujui tarehe kamili ya kuzaliwa, taja mwaka na msimu, usikubali tu 1 Januari kwa kuwa ni rahisi kuandika. Na usijipunguzie umri.

Kabla hujaweka kidole, omba usomewe. Kosa linalorekebishwa hapo mezani huchukua dakika moja. Likishaingia kwenye mfumo utalifuata kwa barua na viapo. Kama hamwelewani na mkalimani, hata kama naye anazungumza Kiswahili, sema. Kiswahili cha Bunia na cha Mombasa vinaweza kupishana mahali pasipofaa, na una haki ya kuomba mkalimani wa Kinande, Kilendu, Kihema, Kihunde au Kinyabwisha.

Yote haya hayalipiwi. Kuandikishwa ni bure, hati ya familia ni bure, kitambulisho cha mkimbizi ni bure, mahojiano ni bure. Anayekuomba pesa ili "asukume jina" ni mwizi, awe na kitambulisho shingoni au asiwe nacho.

Umepokewa vipi?

Wanaotoka mashariki mwa Kongo kwa kawaida hutambuliwa kwa kundi, kwa kuwa sababu ya kukimbia inajulikana na wote, bila kila mtu kuhojiwa kwa undani. Wengine hupewa cheti cha mwomba hifadhi na kungoja Kamati ya Kuamua Hadhi ya Wakimbizi, ambayo kisheria ina siku 90 za kutoa uamuzi. Siku hizo mara nyingi hupita. Ngoja lakini ufuatilie, na uhuishe cheti kabla hakijaisha muda. Uliza mezani uko katika foleni ipi. Usiondoke bila kujua.

Ukiitwa kwenye mahojiano, simulia kwa mpangilio wa safari: kijiji, kundi la vijiji, wilaya, nani aliingia, lini, nini ulikiona kwa macho na nini ulihadithiwa. Ukisahau tarehe, ifunge kwenye jambo: wiki ya mitihani, siku chache kabla ya Goma kuanguka mwishoni mwa Januari 2025. Hadithi ya kununua kwa dalali ni hasara. Maafisa wameisikia mara nyingi, mpaka na majina ya mito ni yale yale.

Makazi au Kampala

Sheria ya Uganda inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi, na hapo ndipo inapotofautiana na majirani. Tanzania, kwa Sheria yake ya 1998, inakupa siku saba za kujitokeza, na kuishi nje ya kambi pasipo kibali ni kosa. Kenya, kwa Sheria ya 2021, inatoa siku 30, lakini mkimbizi anatakiwa kukaa katika maeneo yaliyotengwa, na anahitaji hati ya kusafiri nje yake. Uganda unaweza kuamua kuishi Kampala. Mjini hakuna mgao wa chakula wala kiwanja. Kodi ni juu yako, hospitali ni foleni ya kila mtu. Kwenye makazi utapewa kipande cha ardhi cha kutumia. Nasema "kutumia" kwa sababu hakiuzwi: anayekuuzia kiwanja Nakivale anakuuzia ugomvi.

Mgao nao si wa kutegemea tena. Tangu 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani linawagawa wakimbizi kwa makundi ya mahitaji, na Mei 2025 lilitangaza kwamba watu milioni moja nchini Uganda wanaondolewa kwenye msaada huo kwa kukosa fedha. Ndiyo maana fundi cherehani, kinyozi na mwalimu wengi hubaki wameandikwa kwenye makazi, huku wakitafuta riziki mjini. Hilo linawezekana, ila ujue kwamba faili lako linahesabiwa pale lilipo. Ukikosa zoezi la uhakiki unaweza kuzimwa kwenye mfumo, na kuwashwa tena kunachukua muda. Weka namba moja ya simu, isajili kwa hati zako mwenyewe, usitumie ya jirani; taarifa na pesa za msaada hupita humo.

Watoto waingie shule ya msingi ya serikali mara moja, hata katikati ya muhula. Wanaojua Kifaransa watarudishwa darasa nyuma kwa ajili ya Kiingereza, na wazazi hukasirika. Mimi naona afadhali mwaka mmoja upotee kuliko mtoto akae nyumbani akingoja safari ya ng'ambo ambayo huenda isije.

Kuhusu safari hiyo

Kila makazi yana mtu anayejua mtu aliyepanda ndege. Kwa miaka kadhaa Wakongo waliongoza idadi ya wakimbizi waliopokewa Marekani, na mwaka wa fedha wa 2024 pia walikuwa wengi kuliko taifa lolote. Kisha Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ikasimamisha mpango huo, na watu waliokwisha kuuza masufuria yao wakabaki. Duniani kote, wakimbizi wanaopata nafasi ya nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki asilimia moja.

Nafasi hiyo haiombwi kwa fomu ya kununua. HCR ndiyo inayochagua, kwa kutazama nani yuko hatarini zaidi: mgonjwa asiyeweza kutibiwa hapo, mwanamke mwenye watoto asiye na ulinzi, aliyeteswa, anayetishwa hata akiwa ndani ya Uganda. Kwa hiyo kazi yako ni kuripoti matatizo yako yanapotokea, upate namba ya ripoti polisi na karatasi ya daktari, na kuyahifadhi. Mtu aliyetishwa mara tatu asiripoti hata moja, machoni pa faili hajawahi kutishwa.

Mambo yanayoweza kukuvua hadhi

La kwanza ni kurudi nyumbani. Wengi huvuka kwenda kuvuna maharagwe au kuzika. Hakuna atakayekulaumu kwa kumzika mama yako, lakini ukijenga mazoea ya kwenda na kurudi, serikali ina haki ya kuuliza unamkimbia nani. La pili ni pasipoti ya Kongo: kuomba au kuhuisha pasipoti kwenye ubalozi wa nchi uliyoikimbia huhesabiwa kwamba umerudi chini ya ulinzi wake. Ukihitaji kusafiri, omba kupitia OPM hati ya kusafiria ya mkimbizi; inakubalika kwenda nchi nyingine, isipokuwa ile uliyotoka. La tatu ni siasa za vita. Michango ya kununulia kundi fulani buti na redio, hata ikikusanywa kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu wa kwetu, inavunja sheria ya wakimbizi.

Na usisahau madogo: mtoto akizaliwa, mtu akifa, ukioa au kuachana, peleka taarifa na karatasi ili hati ya familia ibadilishwe. Mtoto aliyezaliwa Uganda na wazazi wakimbizi hapati uraia wa Uganda kwa kuzaliwa hapo, kwa hiyo cheti chake cha kuzaliwa ndicho kitakachomwonyesha ni nani.

Ukikataliwa

Utapewa uamuzi kwa maandishi. Andika juu yake, kwa kalamu, tarehe uliyoupokea, kwa sababu una siku 30 za kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa ya Wakimbizi, na zinahesabiwa tangu hapo. Bodi yenyewe haitoi hadhi ya ukimbizi. Inaweza kuufuta uamuzi na kuirudisha kesi kwa Kamati isikilizwe upya. Hivyo rufaa inayosema tu "nimeonewa, naomba huruma" haina pa kushika. Onyesha kosa liko wapi: mkalimani alibadilisha jambo gani, ushahidi upi haukusomwa, kijiji chako kimechanganywa na kipi. Msaada wa kisheria usio wa malipo upo, ikiwa ni pamoja na Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, inayofanya kazi hiyo tangu 1999. Nenda na karatasi zote, hata zile unazodhani hazina maana, na kadi za kliniki zikiwemo. Wakati rufaa ikisubiri una haki ya kubaki Uganda. Hakikisha cheti chako cha mwomba hifadhi kinahuishwa, na nakala yake iwe na mtu mwingine mbali na wewe.